Bafle Ndogo Yenye Maneno Safi

Juma hili twataka kuzungumza juu ya kazi ambayo vijana wengi wa Lusangi wameanza kuipenda, nayo ni kutengeneza bafle kwa mikono yao wenyewe. Ukipita kijijini jioni hukosi kumwona mmoja wao ameinama juu ya sanduku la mbao, spika ya redio iliyokufa mkononi, na nyaya zikining'inia kama matumbo ya kuku. Twaisifu bidii hiyo. Lakini hapana budi tuseme pia neno ambalo mama wengi wamelisema kabla yetu: bafle nyingi zinazotengenezwa huku zatoa kishindo kikubwa, ila maneno hayasikiki.

Nalo si jambo dogo. Katika nchi yetu ya Kasongo na Kabambare redio si ya kuchezea muziki tu. Kwa redio watu hupata habari za njia, za soko, za ugonjwa unaotembea, na za mitihani ya watoto. Tangazo likisema "njia imefungwa", na mzee mmoja akasikia "njia imefunguliwa", basi huyo atafunga mzigo wake alfajiri na kwenda mahali asipopaswa kwenda. Twaijua nchi yetu, na kila mmoja aweza kumaliza hadithi hiyo mwenyewe.

Kwanza tuelewane juu ya majina. Bafle ni sanduku zima pamoja na vilivyomo. Spika ni ile duara ya karatasi au plastiki yenye sumaku nyuma yake. Katikati ya sumaku mna koili ya waya mwembamba iliyogundishwa kwenye karatasi. Umeme wa redio ukipita ndani ya koili, sumaku huivuta na kuisukuma, na karatasi hutetemeka pamoja nayo na kutikisa hewa. Jinsi hii ya spika ilifafanuliwa mwaka 1925 na Wamarekani wawili, Chester Rice na Edward Kellogg, na hata leo, baada ya miaka mia, spika nyingi duniani ni wajukuu wa ile yao.

Sasa wanafunzi wafanye jaribio hili. Chukua spika tupu, isiyo na sanduku, uifungie muziki. Utasikia sauti nyembamba kama ya mbu. Kisha kata tundu katika upande wa katoni kubwa, uibane spika hapo. Kumbe! Sauti nene zimerudi. Zilikuwa wapi? Zilikuwa zikiuana. Karatasi inaposukuma hewa mbele, papo hapo yavuta hewa ya nyuma. Sauti ya mbele na ya nyuma ni pacha wanaopingana, na wakikutana ukingoni mwa spika hunyamazishana. Sauti nyembamba haziathiriki sana, kwani mawimbi yake ni mafupi na huenda mbele moja kwa moja. Lakini wimbi la sauti nene ya hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, lina urefu wa mita 3 na nusu hivi, na kwake spika ya sentimita 13 ni kama kijiti katika mto: hulizunguka bila kujua kama kipo. Basi kazi ya kwanza ya sanduku ni kumfungia yule pacha wa nyuma asitoke.

Hapa ndipo vijana wengi wanapotea, nao wapotea kwa sababu ya heshima yao kwa ngoma. Wazee wetu walichimba gogo, wakaacha mwanya, na gogo lile likapeleka habari kutoka kijiji hata kijiji. Gogo la ngoma hutakiwa kuimba. Gita hutakiwa kuimba. Kwa hiyo kijana huchagua ubao mwembamba, augonge kwa kidole, ausikie ukilia vizuri, afurahi. Lakini bafle siyo ngoma! Mwimbaji ni spika peke yake, na sanduku latakiwa kunyamaza. Ubao ukilia nao, waongeza sauti yake juu ya kila neno, na mtangazaji wa habari huonekana kama anasema kutoka ndani ya pipa.

Zamani watu waliamini kwamba bafle njema lazima iwe kubwa kama kabati. Aliyeivunja imani hiyo alikuwa mwalimu mmoja wa New York, jina lake Edgar Villchur. Mwaka 1954 alionyesha kwamba hewa iliyofungwa ndani ya sanduku dogo yaweza kutumika kama springi laini ya kuirudisha karatasi ya spika mahali pake, tena kwa utaratibu kuliko springi ya kitambaa au karatasi ngumu iliyozoewa. Kutoka hapo ndipo zikazaliwa bafle za kukaa juu ya rafu ya vitabu. Nasi twapendelea sanduku lake lililofungwa pande zote kuliko lile lenye tundu la kutolea hewa. Lenye tundu laweza kushuka zaidi katika sauti nene, ni kweli, lakini tundu lile lazima lipimwe sawasawa na tabia ya spika; na spika tunazookota katika redio na magari mabovu hazina karatasi za maelezo. Tundu lililokisiwa tu latoa mvumo wa noti moja, wimbo wowote upigwao. Ndicho kile kishindo tulichokitaja.

Tuingie kazini. Kwa spika ya sentimita 13 sanduku la lita 8 lafaa. Kwa ndani lipime upana wa sentimita 16, kimo 28, na kina 18. Zidisha uone kama hesabu yetu ni ya kweli. Mwaona kwamba vipimo vitatu havifanani. Ni makusudi, maana sanduku lenye pande sawa hurudisha mwangwi wa namna moja kutoka pande zote, na mwangwi huo hujilimbikiza. Ubao uwe na unene wa milimita 18. Tripleksi ndiyo bora, kwa sababu haipindi. Mbao za mvule ni nzuri pia na ni nzito, ila ziwe zimekauka kabisa. Ukijenga kwa mbao mbichi wakati wa mvua, mwezi wa saba utaweza kupitisha sarafu katika maungio.

Maungio yapakwe gundi nyeupe ya seremala kwa ukarimu, kisha skrubu. Ndani, katikati ya pande mbili kubwa, simika kijiti kigumu cha kuzibana, nacho kigundishwe pande zote mbili. Kazi yake ni kuzizuia mbao zisipumue. Gundi ikikauka, gonga sanduku kwa kifundo cha kidole. Likijibu "ko" fupi, ni jema. Likijibu "ngooo", ongeza kijiti kingine. Kisha weka ndani sufi au pamba iliyochambuliwa, bila kuishindilia, ipate kuumeza mwangwi wa nyuma. Kati ya spika na ubao weka pete iliyokatwa katika mpira wa ndani wa baisikeli, hewa isipite. Tundu la waya nalo lizibwe.

Je, sanduku limefungika kweli? Sukuma karatasi ya spika taratibu kwa ncha za vidole, ukizishika pande zote sawa, halafu uiachie. Ikirudi polepole, kama mtu anayeamka usingizini, hewa imefungwa. Ikiruka mara moja, pako mahali panapovuja, na usiku wa utulivu utapasikia pakilia kama nyoka.

Spika moja ya ukubwa huo hutoa sauti nene na za katikati, lakini mara nyingi huchoka zinapofika sauti za juu. Na huko juu ndiko zinakokaa herufi zinazotofautisha maneno: s, sh, f, ch, t. Vokali huzipa sauti nguvu, konsonanti huzipa maana. Kwa hiyo ongeza twita, spika ndogo ya sauti za juu, lakini usiiunge moja kwa moja, maana sauti nene zitaiua siku ya kwanza. Weka kapasita njiani kama mlinzi wa mlango. Kwa twita ya omu 8, kapasita ya mikrofaradi 4.7 hupitisha sauti za kuanzia karibu hezi 4,200 na kuzipunguza zilizo chini yake. Iwe kapasita isiyo na upande wa chanya na hasi. Ni kifaa kidogo kama haragwe, na twashangaa kuona jinsi watu wanavyoiacha wakati wanalipa fedha nyingi kwa taa za rangi za kupamba bafle.

Tena wanaounga spika nyingi kwenye amplifaya moja waangalie hesabu. Spika mbili za omu 4 zikiungwa sambamba huwa omu 2, na amplifaya iliyotengenezwa kwa omu 4 itapata joto mpaka iungue. Na bafle mbili za kushoto na kulia lazima ziungwe kwa mpangilio mmoja. Gusa nyaya kwa betri ndogo ya volti 1.5, kwa kitambo kifupi tu: karatasi ikitoka nje, waya uliogusa chanya ndio wa chanya, utie alama. Usipofanya hivyo, moja itasukuma wakati nyingine yavuta, nao pacha tuliowafunga kwa taabu watakutana tena katikati ya sebule yako.

Yabaki jambo la nguvu za umeme. Nyumba nyingi za kwetu zategemea paneli ya jua na betri moja, na betri hiyo yadaiwa pia na taa ya watoto wanaosoma na simu za jirani. Basi ni afadhali spika inayoitika upesi. Wataalamu hupima wepesi huo kwa kuipa spika wati 1 na kuisikiliza kwa umbali wa mita 1. Chukua mfano wa bafle mashuhuri ya Waingereza iitwayo LS3/5A. Mafundi wa BBC waliibuni miaka ya 1970 kwa ajili ya magari yao ya kurushia matangazo, mahali pasipo nafasi. Ndani ni lita 5 hivi, na sauti ya mtu ndani yake ni safi ajabu. Lakini ni mzito wa kuitika: desibeli 83 hivi. Spika ya desibeli 89 itatoa sauti ileile kwa robo ya nguvu, kwani kila desibeli 3 zataka nguvu mara mbili. Mwenye kituo cha umeme aweza kusamehe. Sisi wa paneli moja hatuwezi. Spika za redio za zamani, zenye karatasi nyepesi, mara nyingi huitika upesi, na kwa hiyo hazistahili kutupwa. Tena msidanganyike na namba kubwa za wati zilizoandikwa mbele ya bafle za dukani. Hata zikiwa za kweli, zasema tu ni nguvu ngapi spika yaweza kuvumilia, hazisemi itatoa sauti kiasi gani.

Sasa tufike kwenye sehemu tunayoiona kuwa ngumu kuliko zote, yaani kuihukumu bafle iliyokwisha. Kujenga ni kazi ya mikono, lakini kuhukumu ni kazi ya haki, na mtengenezaji ni hakimu mbaya wa kazi yake mwenyewe. Amekaa nayo majuma matatu, ameipaka rangi, ameionyesha kwa mchumba. Hawezi kuisikia vibaya.

Wala si vijana wetu tu walio hivyo. Mwaka 1994 wataalamu Floyd Toole na Sean Olive walitoa matokeo ya jaribio walilolifanya Marekani. Waliwasikilizisha watu bafle mbalimbali, kwanza zikiwa zimefichwa nyuma ya pazia, halafu zikionekana. Zilipoonekana, hukumu zilibadilika: kubwa na za thamani zikapandishwa, na ndogo ya bei nafuu, iliyosifiwa gizani, ikashushwa. Hata wasikilizaji wenye uzoefu walivutwa na macho yao.

Basi nasi tutumie pazia. Kitenge chepesi kimoja chatosha, sauti hupita. Nyuma yake weka bafle mbili au tatu, mojawapo ikiwa ya dukani kama mnayo, na kijana mmoja wa kubadilisha nyaya ambaye hatasema neno. Kisha kabla ya yote sawazisheni ukubwa wa sauti. Jambo hili ni la lazima! Sikio la binadamu huidhania bafle yenye sauti kubwa kidogo kuwa ndiyo nzuri, hata kama tofauti ni ndogo kiasi kwamba hakuna anayeitambua. Simu nyingi za siku hizi zaweza kuwekewa programu ya kupimia sauti. Si kipimo cha kiserikali, lakini kwa kulinganisha mbili yafaa, simu ikikaa mahali pamoja.

Baadaye fanyeni jaribio la maneno. Mtu mwenye matamshi mazuri arekodi katika simu maneno ishirini yanayofanana: saba na shaba, fua na vua, pata na bata, tatu na tano, suka na shuka, imefungwa na imefunguliwa. Yasomwe bila utaratibu, na wasikilizaji, mzee mmoja akiwamo na mtoto wa shule akiwamo, waandike au wataje walichosikia. Hesabuni makosa ya kila bafle. Twapenda jaribio hili kwa sababu halibishaniki: bafle iliyokosesha maneno saba ni mbaya kuliko iliyokosesha mawili, ijapokuwa mwenye ile ya kwanza ni mtoto wa chifu.

Halafu sauti ya mtu mnayemjua. Mrekodi akisoma barua, kisha mweke chumba cha pili, mara asome mwenyewe, mara bafle isome. Mwalimu Villchur naye alifanya jambo la namna hii mbele ya watu wengi: kampuni yake iliweka wanamuziki jukwaani, wakapokezana na bafle katikati ya wimbo, na wasikilizaji wengi wakashindwa kusema ni wapi wanamuziki waliacha. Hatutazamii kufika huko kwa spika ya redio iliyokufa. Yatosha kama watoto watasema "ni baba" bila kusita.

Mwisho pitisheni mlio unaopanda polepole kutoka sauti nene hata nyembamba. Programu za simu za kufanya hivyo zapatikana bure. Msianze chini mno wala kwa sauti kubwa, spika isije ikaumia. Mahali mlio unapovimba ghafula, au kitu kinapoanza kuchakarika, shika ubao kwa kiganja. Mara nyingi utaona ni skrubu iliyolegea, au waya unaogusa karatasi, au upande mmoja unaodai kile kijiti cha pili ulichokionea uvivu.

Msomaji mmoja atatupinga, naye ana haki ya kusikilizwa. Atatukumbusha Konono No. 1 wa Kinshasa. Mzee Mingiedi Mawangu, aliyeaga dunia mwaka 2015, alitaka likembe yake isikike juu ya makelele ya mji. Akatengeneza vinasa sauti kwa sumaku za vyuma vya gari, akavitoa kwa zile tarumbeta za kutangazia za wakati wa wakoloni. Sauti ikatoka imekwaruzika na kuchanika. Na mkwaruzo ule ukawa ndio muziki wenyewe, hata sahani yao Congotronics ya mwaka 2004 ikasikilizwa Ulaya na Marekani. Ndiyo, nasi twaipenda. Lakini mkwaruzo wa Mzee Mingiedi alikuwa ameuchagua, na ulikuwa ni sehemu ya ala yake, kama vile vipande vya bati vinavyotikisika juu ya likembe. Anayesikiliza habari hakuuchagua. Mwenye kutaka bafle ya kuchezea sikukuu na aijenge apendavyo, na nyingine ndogo aiache nyumbani kwa ajili ya mama na redio.

Juu ya kuiweka: isiwekwe pembeni kabisa mwa chumba, kwani kuta mbili hukuza sauti nene na kufunika maneno, iwe mbali na ukuta kwa shubiri moja au mbili, na twita ielekee masikio ya mtu aliyeketi. Chini yake weka vipande vinne vya kandambili kuukuu, meza isije ikaimba badala ya sanduku uliloliziba kwa taabu. Mbele ifunikwe kwa kitambaa chepesi, si kwa pambo, bali kwa sababu ya mende na vidole vya watoto. Na wale waliotuuliza juu ya panya wanaokula waya, wapitishe waya ndani ya mrija wa mwanzi mkavu; panya wa Lusangi ni hodari, lakini mpaka leo hatujaona aliyeumaliza mwanzi usiku mmoja.